Programu ya Bure na Mzigo wa Vitegemezi Vyake

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mwaka 2022, yapata saa tatu unusu za asubuhi, nilipigiwa simu na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya sekondari karibu na Mwingi. Nilipata kumfundisha mofolojia miaka kadhaa iliyotangulia, na kwa hiyo alianza kwa adabu zake zote.

"Daktari, hujambo? Niwie radhi kwa kukusumbua siku ya mapumziko. Ile programu mliyotupa imekataa. Yasema yataka kitu kingine kwanza. Nimekipakua hicho kitu, sasa yasema yataka kingine tena. Na bando imekwisha."

Nyuma yake nilizisikia sauti za wanafunzi. Walikuwa thelathini na wawili, wa Kidato cha Pili, wamekuja shuleni siku ya Jumamosi kwa hiari yao kwa sababu mwalimu wao alikuwa amewaahidi kwamba wangeona jinsi tarakilishi inavyoweza kulichambua neno la Kiswahili, kiambishi baada ya kiambishi. Alikuwa ameazima vipakatalishi vitatu, kimoja cha naibu wa mwalimu mkuu. Nilimwomba anisomee maandishi yaliyokuwa mbele yake. Akanisomea, herufi kwa herufi palipomshinda. Yalikuwa maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba sharti kwanza kipatikane kikusanyi cha lugha ya C kutoka kwa kampuni ya Microsoft, kitu ambacho kukipakua hula gigabaiti kadhaa. Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa upole. "Basi, Daktari, leo tutasoma ushairi ubaoni."

Sikuwa na la kumjibu. Programu hiyo tulikuwa tumeiunda sisi wenyewe, mimi na wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, kwa muda wa miaka miwili. Ilikuwa programu huria kwa maana kamili ya neno hilo: msimbo wake uko wazi, yeyote aweza kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wenzake bila ya kulipa hata senti. Tulijivunia mno jambo hilo. Tulisahau tu kwamba mwalimu yule alikuwa amelipia data kutoka mfukoni mwake ili kuipata programu ya bure, na hakuipata.

Ningependa kuueleza mkasa huu kwa istilahi ambazo kila mwalimu wa sarufi anazijua. Tukisema "mtoto aliyetuletea kitabu", tumetamka maneno matatu yenye maana, lakini msikilizaji angali anasubiri. Hicho kishazi "aliyetuletea kitabu" ni kishazi tegemezi. Hakisimami peke yake hadi apatikane mwenzake wa kukitegemeza. Programu nyingi za siku hizi ziko vivyo hivyo. Yule aliyeziandika hakuandika kila kitu. Ameazima kazi za watu wengine, zile ambazo mafundi huziita maktaba: moja ya kusoma faili, nyingine ya kuchora jedwali, nyingine ya kulinganisha maneno na kamusi. Bila ya maktaba hizo programu hubaki imening'inia. Ndizo ninazoziita vitegemezi, ingawa kwa hakika lingekuwa jambo la busara kuziita vitegemezwa, maadamu ni programu inayozitegemea hizo wala si hizo zinazoitegemea programu. Lakini neno limekwisha kuzoeleka, na mwanaisimu hashindani na mazoea.

Kuazima huku si kosa abadan. Ndiko kunakoipa harakati ya programu huria nguvu zake. Chukua mfano wa Hunspell, maktaba ya kusahihisha tahajia iliyotungwa na Mhungaria aitwaye László Németh kwa ajili ya lugha yake. Kihungari ni lugha inayopachika viambishi kwenye mzizi mpaka neno moja likawa sentensi nzima, kama Kiswahili, japo chenyewe hupachika zaidi mwishoni na sisi hupachika pande zote mbili. Maktaba hiyo leo imo katika LibreOffice, imo katika Firefox, imo katika Chrome, na imo katika programu yetu. Mtu wa Budapest aliyekuwa akihangaikia lugha yake ametusaidia sisi kuchambua "anayewapikia". Lau tungelazimika kuanza na mawe na udongo, tusingefika popote.

Suala basi si kama tuazime au tusiazime. Suala ni hili: tunapompelekea mwalimu programu yetu, je, tumpelekee programu peke yake na kumwambia akavitafute vitegemezi, au tumfungie vyote pamoja katika furushi moja? Wanafunzi wangu walilijadili suala hili siku nne mfululizo baada ya ile Jumamosi, na nakiri kwamba mwanzoni niliona ni jambo la mafundi tu. Niligundua baadaye kwamba ni suala la nani abebe mzigo, na hilo si la kiufundi hata kidogo.

Upande wa wasiotaka furushi uliongozwa na binti mmoja hodari ambaye ametumia mfumo wa Debian tangu alipokuwa kidato cha tatu. Hoja zake zilikuwa nzito, na sitaki kuzipunguza uzito kwa sababu tu sikuzifuata. Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, una kanuni kwamba programu isibebe nakala yake ya maktaba ikiwa maktaba hiyo tayari imo katika hazina ya mfumo. Nakala iwe moja, programu zote ziitumie hiyo hiyo. Ukisakinisha LibreOffice katika Debian, haiji na Hunspell yake binafsi. Huelekezwa kwenye ile ya wote.

Faida ya utaratibu huo haionekani mpaka siku ya msiba. Mwaka 2002 iligunduliwa kasoro katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data ambayo ilikuwa imeazimwa na programu zisizo na idadi. Waliokuwa wakitumia nakala moja ya pamoja waliibadilisha hiyo moja, shughuli ikaisha. Lakini programu nyingi zilikuwa zimemeza nakala zao wenyewe, na kila moja ilibidi itafutwe, ipasuliwe, irekebishwe na kusambazwa upya. Mwaka 2014 ikaja kasoro iliyobandikwa jina la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayolinda siri za mawasiliano ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la 1.0.1 la mwaka 2012, na ilimwezesha mtu wa mbali kuchungulia kumbukumbu ya seva na kuchota yaliyomo, hata maneno ya siri. Aliyetumia nakala ya mfumo alihitaji amri moja ya kusasisha na kuziwasha upya huduma zake. Aliyefungiwa nakala ndani ya furushi alimsubiri mfungaji aamke.

"Ukimfungia mwalimu kila kitu," aliniambia binti yule, "umemfungia na kasoro za leo na za kesho, Daktari. Na hatajua."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Hata hivyo niliona kwamba hoja yake ilisimama juu ya nguzo ambayo hakuitaja, kwa sababu kwake ni kitu cha kawaida kama hewa: mtandao usiokatika. Hazina ya pamoja ni neema kwa aliye karibu nayo. Kwa aliye mbali ni kama maktaba kubwa ya vitabu iliyojengwa Nairobi na kuambiwa ni ya taifa zima; mwalimu wa Mwingi hakatazwi kuingia, ila nauli ni yake. Zaidi ya hayo, vipakatalishi vile vitatu vilitumia Windows, ambayo haina hazina ya namna ile kwa maktaba zetu. Sisi tulikuwa tumemtumia maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Isitoshe, hata hao wenye mtandao usiokatika hawajasalimika. Mnamo Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu, baada ya kukosana na wasimamizi wa hazina ya npm inayotumiwa na waundaji wa JavaScript, aliziondoa kazi zake zote. Mojawapo iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa neno mpaka lifike urefu unaotakiwa. Miradi mikubwa ulimwenguni ikashindwa kujengeka, kwa kuwa ilimtegemea aliyemtegemea aliyeitegemea left-pad, na wengi wao hawakuwa wakijua kwamba kitu hicho kipo. Wasimamizi walilazimika kuirejesha siku hiyo hiyo. Mistari kumi na mmoja! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiandika kabla chai haijapoa.

Katika taaluma yetu ya isimu tumewahi kuyaona majibu mazuri kwa swali hili, ila hatukuyaita hivyo. Kila aliyesoma fonetiki ya kimaabara anaijua Praat, programu ya kuchanganua sauti iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Jina lenyewe ni neno la Kiholanzi lenye maana ya kusema. Praat ni programu huria, na ndani yake mna maktaba nyingi za watu wengine: za kusoma faili za sauti, za hesabu, hata ya kutamkisha maandishi. Lakini mtumiaji hupewa faili moja. Huiweka popote, huibofya, nayo hufunguka. Nimeiona ikifanya kazi kutoka kwenye flashi katika kijiji kisicho na umeme wa kudumu, tulipokuwa tukirekodi wazee, na sikumbuki siku hata moja iliponiuliza maktaba fulani iko wapi. Miaka yote hiyo nilidhani kwamba ni programu nyepesi tu. Kumbe kuna watu waliouchukua mzigo ili nisiuone.

Ndugu zetu wanaochapisha kwa TeX, mfumo wa Donald Knuth, wana majibu mawili yaliyokaa bega kwa bega. MiKTeX hukupa kiini kidogo, kisha kila hati yako inapohitaji kifurushi fulani hukipakua hapo hapo. TeX Live, iliyoanza mwaka 1996 ikiwa kwenye sidii, humpa anayetaka mfumo mzima: gigabaiti tele za vifurushi ambavyo vingi katika hivyo hutavigusa maishani mwako. Vyama vya watumiaji wa TeX viliendelea kwa miaka mingi kuwatumia wanachama wake diski kwa njia ya posta. Kwa mtu aliye na mtandao, TeX Live ni ubadhirifu wa nafasi. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu, na laini ya mtandao wa idara ikikatika kila alasiri, niliapa kwamba ni ukarimu.

Hali kadhalika watu wa Ubuntu walilitambua jambo hili mapema. Toleo lao la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na tangu mwaka 2005 hadi 2011 walikuwa wakimpelekea yeyote aliyeomba sidii za bure hadi kwenye sanduku lake la posta, popote duniani. Neno lenyewe ubuntu ni la lugha za Kinguni, na ni ndugu wa tumbo moja wa neno letu utu. Sijui programu nyingine ambayo jina lake lilisadifu hivyo na bahasha yake.

Tukaamua kufunga furushi. Kuna chombo kiitwacho PyInstaller ambacho huichukua programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, pamoja na mkalimani wa Python mwenyewe na maktaba zote zinazohitajika, na kuvitia katika folda moja. Programu yetu, ambayo peke yake haikufika megabaiti moja, ilitoka humo ikiwa na megabaiti mia moja na arobaini. Mmoja wa wanafunzi wangu alishika kichwa. Nikamwambia kwamba flashi ya bei nafuu kabisa inachukua mara mia ya hizo. Uchache wa baiti ulikuwa fahari yetu sisi. Mwalimu hakuwa amelalamikia baiti, alilalamikia kupandishwa ngazi isiyo na mwisho.

Kufunga hakukuwa kazi ya mchana mmoja kama nilivyotarajia. Kulikuwa na mambo ya idhini. Mtu anayeigawa kazi ya mwenzake sharti abebe na masharti yake. Maktaba nyingine zinataka tu jina la mwandishi na maandishi ya idhini yake yawemo katika furushi. Zile zilizo chini ya idhini ya GPL zinataka zaidi: yule unayempa programu uwe tayari kumpa na msimbo wake. Kwa hiyo kila flashi yetu ina folda ya pili yenye msimbo wote, wetu na wa wengine. Mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani huko Mwingi au Garsen atakayeufungua. Pengine hapana. Lakini pengine katika wale thelathini na wawili yuko mmoja, na sikuona sababu ya kumnyima kabla hajaomba.

Hapo ndipo lilipoanza deni ambalo binti yule wa Debian alinitahadharisha nalo. Mwezi wa Desemba mwaka 2021, kabla ya mkasa wetu, ulimwengu ulikuwa umetaharuki kwa kasoro ya Log4Shell katika Log4j, maktaba ya lugha ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio ya programu. Kilichowatesa wataalamu hakikuwa kuirekebisha maktaba; marekebisho yalitoka upesi. Kilichowatesa ni kuitafuta. Ilikuwa imefungwa ndani ya furushi lililofungwa ndani ya furushi jingine, na mashirika makubwa yenye wahandisi mamia hayakuwa na orodha ya vilivyomo ndani ya programu zao wenyewe. Seuze sisi, mhadhiri mmoja na wanafunzi watano ambao watahitimu na kwenda zao?

Kwa hiyo tulijiwekea masharti. Kila furushi lina faili iitwayo YALIYOMO, inayotaja kila maktaba, toleo lake, na tarehe tuliyoitia. Kila mwalimu anayechukua flashi huandikwa katika daftari, jina na nambari ya simu. Kila mwanzo wa muhula mwanafunzi mmoja wa uzamili huipitia orodha ile, maktaba kwa maktaba, kuona kama pametangazwa kasoro, na ikiwepo tunafunga toleo jipya na kuwaarifu walimu kwa ujumbe mfupi. Tena hatukimbilii kila kilicho kipya. Mwezi wa Machi mwaka 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba nyingine ya kubana data, yalikuwa yametiwa mlango wa siri kwa makusudi. Alilitambua hilo kwa kuwa kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Waliokuwa hatarini ni waliokuwa wameharakia toleo jipya. Debian thabiti, ile isiyoharakia chochote, haikuwa imelipokea. Tangu siku hiyo, isipokuwa marekebisho ya kasoro, hatutii toleo jipya la maktaba yoyote mpaka limalize miezi mitatu mikononi mwa watu wengine.

Kazi hiyo ya kila muhula huchukua siku mbili au tatu, na hapana anayeilipia. La kusikitisha katika vyuo vyetu, na si vyetu pekee, ni kwamba fedha za utafiti hutolewa kwa ajili ya kuunda. Ukiandika katika ombi lako kwamba unataka fedha za kutunza kitu kilichokwisha kuundwa, utaulizwa ubunifu uko wapi. Niliulizwa swali hilo hasa, na kamati moja ambayo sitaitaja. Nilijibu kwamba ubunifu ni mwalimu kubofya mara moja na somo likaanza. Jibu halikuandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Wenzangu wengine wamenishauri kwamba njia rahisi ni kuiweka programu yote mtandaoni, mwalimu aifungulie katika simu yake bila ya kusakinisha chochote. Ni shauri jema kwa shule zilizo na mtandao, na tunalifanyia kazi. Lakini hilo nalo ni kuhamisha mzigo tu: vitegemezi vyote vitakuwa kwenye seva yetu, na siku seva hiyo itakapozimwa kwa sababu ya ada isiyolipwa, walimu wote watapotelewa na programu kwa saa moja. Mwenye flashi atabaki nayo. Kwa hivyo tutakapofungua mlango huo hatutaufunga ule wa kwanza.

Mwalimu wa Mwingi alilipata furushi lake Septemba ya mwaka ule ule, kwa mkono wa makanga wa matatu ya Mwingi. Nilimwomba anipigie simu likikataa. Hakupiga. Nilipompigia mimi, baada ya wiki mbili, alishangaa kwamba nilikuwa nikisubiri. "Aa, ilifunguka, Daktari. Vijana wameshaichokonoa, sasa wanataka iwachambulie Kikamba."

Katika daftari letu leo mna walimu arobaini na saba. Watatu simu zao hazipatikani, na flashi walizochukua zina toleo la Januari 2023, lenye maktaba mbili ambazo tumezibadilisha tangu hapo kwa sababu ya kasoro. Mmoja alikuwa Taveta, mwingine Hola. Wa tatu alihamishwa, na shule aliyotoka haijui alikokwenda. Ikiwa unasoma makala haya nawe ulichukua flashi ya rangi ya samawati yenye maandishi ya kalamu nyeusi, tafadhali fungua faili ya YALIYOMO utazame tarehe. Nambari yetu iko mstari wa mwisho.